Losheni ya Mama Mkwe

Nyuma ya pazia lililogawa chumba chao katika mtaa wa Jericho, Nduta alisimama akichungulia. Mama mkwe wake, Nthoki, alikuwa amemaliza kumimina losheni ya moto kwenye chupa mbili za jemu. Kisha akatazama mlangoni, akachomoa kichupa cha kahawia kifuani, akatia matone katika chupa moja tu. Akaikoroga na kuifunga uzi mwekundu shingoni.

"Nduta! Hii yenye uzi ni yako," aliita. "Usiichanganye na yangu."

Mafuta ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko, utomvu wa shubiri na maji, hayo Nduta aliyajua. Yale matone hakuyajua.

Nthoki hakutaka mwanawe Muasya aoe msichana wa Kikuyu, asiye wa kabila lao, na alilisema hilo mbele ya wageni siku ya harusi. Sasa Nduta alikuwa na mimba kubwa, na mama huyo ametokea ghafla kutoka kwao Machakos, eti kuja kumsaidia.

"Mama yako ananitilia kitu," alimnong'oneza mumewe.

"Wacha hayo, Nduta. Ni mafuta ya kujipaka tu."

Asubuhi, Nthoki alipoenda sokoni, Nduta alifungua ule uzi akaufunga kwenye chupa ya pili. Kama ni sumu, basi imrudie mwenyewe.

Siku zikapita. Nthoki alijipaka mikono, akajipaka shingo, na Nduta akimchungulia kwa pembe ya jicho, akingoja. Ngozi ya mama ilizidi kung'aa.

Nduta ndiye aliyeanza kujikuna. Vipele vilimtoka tumboni, vikatunga usaha. Losheni yake ilikuwa na harufu ya uchachu, lakini alidhani ni ile shubiri. Kwenye kliniki mkunga alikunja uso. "Uchafu huu ukiingia kwenye damu, mtoto yuko hatarini. Unajipaka nini?"

Hapo Nduta akaona ameelewa. Bila shaka Nthoki alikuwa ameona uzi umehamishwa, akaurudisha kimyakimya ulikokuwa.

Alifika nyumbani akilia, akainua blauzi mbele ya Muasya na mamake. "Mama, ulinitilia nini? Sema leo, mwanao akisikia!"

Nthoki aliviona vile vidonda, akaketi chini.

"Dawa ya kufanya losheni isioze," alisema. "Mwenye duka la dawa alinipa iliyobaki, ikatosha chupa moja tu. Nilificha kwa sababu ungejua ni dawa kutoka kwangu ungekataa. Nilisema iwe yako wewe uliyebeba mjukuu wangu. Mimi nikitokwa na vipele, si kitu."

Nduta aliishusha blauzi yake.

Nthoki alijikokota hadi kabatini, akatoa chupa yake, akaifungua na kuinusa. Akainusa tena.

"Lakini mwanangu," alisema polepole, "mbona hii yangu ndiyo haijaoza?"