Ndege Tano za Baba Mkwe

Bawa la kushoto lilikuwa limebanwa kwa kibanio cha nguo, gundi inakauka, katikati ya meno ya bandia ya watu wanne. Wenye meno walikuwa wamesubiri wiki nzima. Fundi wa meno aliwaambia nta ya kufinyangia ufizi imechelewa kuletwa, na uso wake haukutetereka hata kidogo.

Kwa kweli alikuwa akiunda ndege. Ndege ya kivita, ya injini moja, iliyopunguzwa kwa kipimo mpaka ikaenea kwenye sinia. Misumari ya ubavuni aliichora mmoja mmoja, kwa kisindano kile kile anachochongea ufizi.

Mapenzi hayo. Alikuwa amemposa binti wa Mzee Tano, na mama wa binti alikuwa mgumu kupita kiasi. Wachumba wawili walishatimuliwa sebuleni kabla chai yao haijapoa. Zamu ya fundi ilipofika, mama alimpandisha na kumshusha kwa macho.

"Mume wangu aliangusha ndege tano vitani," alisema. "Wewe umeangusha nini?"

Fundi alitafuta kichwani. Kitu pekee alichokumbuka kuangusha ni sahani, tena ya kuazima.

"Basi nenda, mwanangu. Nitakuita."

Mtu akishaambiwa "nitakuita" anajua maana yake. Fundi alirudi karakanani amenywea, hakula siku mbili. Ya tatu akaamua: kama hakuangusha, ataunda.

Habari za zile ndege tano mtaa mzima ulizijua. Ndizo zilizompa mzee jina. Mwenyewe hakuwa msemaji. Akiulizwa, aliguna na kuomba apitishiwe chumvi. Msimulizi alikuwa mama, na kila mwaka ndege zilizidi kwenda kasi. Hata kuhusu mzee kurudishwa nyumbani vita havijafika nusu, mama alikuwa na jibu lake: kazi alishaimaliza, wangemweka wa nini?

Mzee alipopata fununu ya kinachoundwa, alianza kupita karakanani kila jioni, eti meno yake ya bandia yanamsumbua. Meno hakuyatoa hata siku moja. Alikaa akaitazama ndege.

"Magurudumu haya yalikuwa korofi," alisema siku ya kwanza. "Unayaita, hayashuki."

"Lakini kitabu kinasema rubani mzuri aliyaweza, baba."

"Aliyekiandika alikuwa chini."

Siku nyingine alipapasa pua ya ndege polepole, machozi yakimlengalenga. "Umeinyoosha vizuri," alisema. "Mimi hii naikumbuka imekunjamana." Fundi alimwonea huruma. Alijisemea vita si mchezo, akampa kitambaa.

Kilichobaki ni alama. Marubani wa enzi hizo walichora ubavuni, chini ya kioo cha rubani, alama ya adui kwa kila ndege waliyoiangusha. Fundi alimuuliza mzee mara mbili adui zake walikuwa na alama gani, na mara zote mbili mzee akakumbuka kwamba anasubiriwa nyumbani. Basi fundi akakisia. Akachora nyota nyeusi tano, zimepangana kama meno ya mbele.

Jumapili akaipeleka. Alipofunua kitambaa, mama alihesabu nyota kwa kidole, moja mpaka tano, kisha akaanza upya. Halafu akalia, kilio cha kweli, na kumshika fundi mabega.

"Mkwe wangu," alisema, "harusi mwezi ujao."

Akatoka mbio kuwaita majirani waje waone, binti nyuma yake anacheka na kujifuta macho. Sebuleni wakabaki wanaume wawili na ndege.

Fundi alikuwa na furaha tele, lakini ufundi ni ugonjwa. Alichomoa brashi mfukoni.

"Baba, nyota nilizibuni tu. Niambie alama yenyewe nirekebishe sasa hivi, watu hawajafika. Sitaki waone kitu cha uongo."

Mzee alisikiliza vishindo vya majirani vinavyopanda ngazi. Kisha akaweka kidole juu ya bawa la ndege, penye alama kubwa ya jeshi lake mwenyewe.

"Ukitaka ya kweli, chora hii, mara tano," alinong'ona. "Lakini ziache tu, mwanangu. Siku nilipomposa, mama mkwe wako aliniuliza nimeangusha ngapi. Hakuuliza za nani."