Wawili kwa Mmoja

Timu ya mji mwingine ilikuwa tayari kutoa wachezaji wawili ili impate Shekue, nyota wa mpira wa kikapu aliyenuna msimu mzima bila kusema na wenzake. Kocha Salha akaandika barua ya kukubali. Alfajiri, barua ikiwa bado mkononi, alikwenda kumuaga, akamkuta uwanjani peke yake, akidundisha mpira polepole kama anayebembeleza mtoto.

"Wanakutaka kule. Utakwenda?"

"Nilikuwa nangoja uniambie nibaki, Kocha."

Salha aliikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka ikaenea kiganjani.

"Basi baki," alisema, kwa sauti ndogo mno.

Shekue akaurusha mpira. Ukungu ukaumeza, nao wakasimama wakitazama juu, wakingoja ushuke.