Keki ya Sori

Zamda alimtambua Hatibu kabla hajafika kaunta. Miaka sita nyuma, siku ya arobaini ya msiba wa mtoto wao mchanga, Hatibu alimwekea barua ya talaka mezani akatoka na neno moja tu: sori.

"Kumbe ni wewe," alisema Hatibu. "Sori, sikujua duka ni lako. Nataka keki. Mke wangu Mishi amenuna, niandikie sori."

"Sori ipi? Kuna ya kumkanyaga mtu mguu, kuna ya msibani, kuna ya kumwaga chai."

Hatibu akacheka. "Sori ni sori tu, Zamda. Wewe andika."

"Haya."

Akajaza krimu nyekundu kwenye mfuko, akaandika taratibu. Hatibu alikuwa ameinamia simu yake. Zamda akafunika boksi, akalifunga utepe mafundo mawili.

"Usilifungue wewe. Mwache Mishi alifungue mwenyewe."

Dirishani alimwona akivuka barabara, amelikumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ndani ya boksi, herufi nyekundu zilikuwa zikikauka: *Sori, Zamda wangu.*