Tano kwa Moja

"Zima, halafu uwashe tena," fundi alisema kwa mara ya pili. Karani akazima, akawasha. Namba ikarudi ileile: mita kumi na sita.

Kompyuta nyingine tano za ofisi ya bwawa zilionyesha kumi na moja.

Kumi na moja ni salama. Kumi na sita maana yake mtaa mzima ulio chini ya bwawa uhame, tena mbio. Na fundi hakuwa mgeni wa mtaa huo: mkewe na watoto walikuwa huko, mizigo imeshafungwa tangu asubuhi, wanasubiri neno lake.

Yote hayo kwa sababu ya karani. Wenzake walimwita King'ora, kwa kuwa panya akikatiza ofisini, yeye ameona chui. Asubuhi hiyo alipewa kompyuta mpya, hata nailoni ya kioo alikuwa hajaibandua. Akafungua ukurasa wa kina cha maji, akapiga ukelele uliofika mpaka sokoni.

"Ni kashe tu, mzee," fundi alimwambia mkuu wa ofisi, aliyesimama nyuma yake akipangusa miwani. "Kompyuta inajiwekea ukurasa wa zamani, halafu inakuonyesha huohuo badala ya mpya. Inakudanganya bila yenyewe kujua."

"Basi hiyo itakuwa namba ya mafuriko ya mwaka jana," mkuu alisema. "Maana kwenye kompyuta yangu mimi namba imetulia. Tangu juzi haijapanda hata kidole."

"Na mvua yote hii?" King'ora aliuliza.

"Dada yangu," fundi alisema, "kompyuta tano haziwezi kukosea kwa pamoja."

Mvua iliendelea kupiga mabati bila kupumzika. Bwawa lilikuwa nyuma ya kilima, na kilima chenyewe kilikuwa kimemezwa na ukungu. Fundi aliogopa, lakini ataionyesha vipi hofu yake mbele ya watu waliomwita awatoe hofu?

Simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, tuondoke au tubaki? Majirani wote macho kwangu."

Fundi akazungusha macho chumba kizima. Kumi na moja, kumi na moja, kila alipotazama.

"Bakini. Ni kompyuta moja tu imeharibika. Fungua mizigo, mpumzike."

"Una hakika?"

"Mama, si ndiyo kazi yangu hii?"

Alipokata simu alijisikia mwepesi. Akafuta kashe ya kompyuta ya King'ora, akaufungua ukurasa upya.

Kumi na sita na robo.

"Sasa inanichezea shere," alisema, na mkuu akaangua kicheko. King'ora hakucheka. Alichukua mkoba wake, akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi, akatoka bila kuaga. Walimsikia akishuka ngazi kwa kukimbia.

"Mwache, ndivyo alivyo," mkuu alisema. "Hebu njoo uisafishe na yangu, fundi, isije ikaambukizwa."

Fundi akacheka, akakaa kwenye kiti cha mkuu, akabofya. Ukurasa ukatoweka. Kioo kikabaki cheupe kwa muda, kisha namba ikatokea.

Kumi na sita na nusu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mkewe: "Nimeshawalaza watoto. Na majirani waliokuwa wameanza kuondoka, nimewarudisha wote."