Foleni ya Kura za Mapema

Siku hiyo ya uchaguzi mjinga alikuwa Elkanah, na mjinga mwenyewe alikuwa uani akichoma nyama.

Dada yake alikuwa akigombea udiwani, na Elkanah ndiye aliyepewa gari la kanisa awapeleke kina mama wazee wa maghorofa ya Brooklyn Park, huko ughaibuni, wakapige kura. Lakini wiki nzima alikuwa ameona foleni ya kura za mapema, zile zinazopigwa kabla ya siku yenyewe, ikizunguka jengo, Wakenya kibao wakimpungia mikono. Akasema kazi imekwisha, akawasha jiko.

Vituo vilipofungwa dada yake akaja. Alipitisha kidole kwenye kioo cha gari. Barafu ya asubuhi ilikuwa pale pale, haijakwanguliwa.

"Umewabeba wangapi?"

"Tulia, mheshimiwa! Si tumeshashinda? Foleni niliiona kwa macho yangu. Shika ubavu huu."

Aliushika, akautupa thelujini. "Na kura zao uliziona?"

"Ah! Hao si watu wetu? Wametoka na baridi yote ile!"

"Hao wangekuja hata kwa magoti, Elkanah. Gari nilikupa uwabebe wasioweza kuja, na hadi saa hii wamekaa na makoti yao wakikungoja."