Kituo cha Tano

Kila aliyefiwa siku hizi huwekewa kifaa kichwani, na fundi humtegea vituo akiwa mbali: wazo la uchungu likifika kituoni, linasimama na kufutika. Kifaa cha Ambokile kilikuwa na vituo vinne tu. Sekela, mkewe ambaye pia alikuwa fundi wa kazi hiyo, alishavitega vyote: kwenye wodi, jeneza, sweta la shule, wimbo wa kulalia. Bado mume alilia kila alipolikumbuka jina la binti yao, Tusajigwe.

Ambokile alipowekewa kifaa kipya chenye vituo vinane, mitambo ya zamani ya Sekela haikukitambua. Sekela akahangaika miezi mitatu akiandika upya namna ya kuzungumza nacho, hadi kikaitika. Asubuhi hiyo, akiwa sebuleni, akatega cha tano kwenye jina lenyewe.

Ambokile akatoka jikoni na chai, uso hauna machozi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama..." akaanza, maana tangu mtoto azaliwe hakuwahi kumwita mkewe ila Mama Tusajigwe. Akakwama, kikombe mkononi.

Kisha akatabasamu kwa adabu. "Karibu uketi, dada. Mke wangu anarudi sasa hivi."

Sekela akaketi kumsubiri.