Mguu Ulioning'inia

Katika chumba cha vipimo kisicho na dirisha, mtafiti Mwanaidi alimfunga Zaituni kitambaa machoni, akamtaka asimame wima. Zaituni, aliyerejea majuzi kutoka anga za juu, alikuwa na hakika amenyooka kama nguzo hadi alipoangukia godoro.

"Sikio lako la ndani, linaloshika mizani ya mwili, bado linaelea, dada," Mwanaidi alisema akimfungua. "Kwa sasa unasimama kwa macho tu."

Mama mkwe wa Zaituni, aliyekuwa akingoja mlangoni na mtoto wa Zaituni aliyefungwa khanga, alicheka. "Basi mtazame huyu kwa macho hayo hayo. Amekwisha kuisahau harufu yako."

Akampa mtoto. Zaituni alimkumbatia, na papo hapo umeme ukakatika.

Sakafu ilianza kumponyoka, au labda ni yeye aliyekuwa akilala upande, hakujua.

"Usisogee," Mwanaidi alisema akipapasa ukuta.

"Chini ni wapi?" Zaituni aliuliza kwa sauti nyembamba. "Nimembeba mwanangu. Niambieni chini ni wapi."

Mguu wa mtoto ulikuwa umechomoka kwenye khanga, ukining'inia kama timazi, ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hupimia wima wa ukuta. Zaituni aliugusa kwa ncha ya kidole, asiusukume, kisha akaanza kukunja magoti, polepole, kufuata kule unyayo ulikoelekea.